Mashirika Yasiyo ya Kiserikali na Kujifunza Kuvuka Mipaka: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ni maswali ninayoulizwa na viongozi na watumishi wa asasi, baadhi yao wakiwa wamebakiza siku chache tu kusaini hati ya makubaliano na shirika la nchi nyingine. Majibu hayalingani urefu kwa sababu maswali yenyewe hayalingani uzito.

Ushirikiano wa kujifunza unatofautianaje na ufadhili wa kawaida?

Ufadhili hupima fedha zilizotoka na kazi iliyofanyika. Mradi ukifungwa kuna ripoti, risiti na hesabu zilizokaguliwa, na pande mbili zinaweza kuachana bila yeyote kujua jambo ambalo hakulijua siku ya kwanza. Ushirikiano wa kujifunza una swali ambalo wote wawili wamekubali kulitafutia jibu: kwa nini vijana huacha mafunzo ya ufundi ifikapo mwezi wa tatu, au ni nani hasa hubaki na jukumu la pampu ya maji mradi ukishaondoka. Fedha zinaweza kuwemo, zinaweza zisiwemo. Mara nyingi yote mawili huwekwa kwenye mkataba mmoja, na hapo ndipo utata unapoanza, maana anayeshika mfuko ndiye huyo huyo anayetarajiwa kuambiwa ukweli. Nitalirudia hilo kwenye swali la makosa.

Shirika letu ni dogo. Tuna nini cha kumfundisha mtu wa nje?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na karibu kila mara huulizwa kwa sauti ya chini, baada ya kikao, mlangoni. Mnacho cha kufundisha. Tatizo ni kwamba hakuna aliyewahi kukiandika, kwa hiyo hata ninyi wenyewe hamkioni.

Chukueni vikundi vya kuweka na kukopa. Mwaka 1991, katika eneo la Maradi nchini Niger, shirika la CARE lilianza kufanya kazi na wanawake wa vijijini waliokuwa tayari na mazoea ya kuchangishana kwa zamu. Walijenga juu ya mazoea hayo vikundi vinavyoweka akiba, vinavyokopeshana kutoka kwenye akiba hiyo hiyo, na vinavyogawana kilichopatikana baada ya muda waliokubaliana, bila mtaji kutoka nje. Wengi hawakujua kusoma, hivyo hesabu ziliwekwa kichwani. Pesa zilihesabiwa mbele ya wote, na kila mmoja aliondoka akikumbuka kiasi kilichobaki. Leo vikundi vya namna hiyo viko katika nchi nyingi na vina mamilioni ya wanachama. Mashirika makubwa yana miongozo minene kuhusu jinsi ya kuviendesha, lakini ukifuatilia mzizi wake utafika kwa wanawake waliokaa chini wakahesabu sarafu.

Mfano mwingine unatoka India. Shirika la Pratham, lililoanzishwa Mumbai mwaka 1995, lilianza mwaka 2005 zoezi la kitaifa lililoitwa ASER. Watu wa kujitolea hupita nyumba kwa nyumba, humpa mtoto karatasi yenye herufi, maneno, aya na hadithi fupi, kisha huandika ameweza kusoma mpaka wapi. Zana yenyewe ni karatasi hiyo moja. Mwaka 2009 wazo hilo lilivuka Bahari ya Hindi likawa Uwezo, nchini Kenya, Tanzania na Uganda. Likafika pia Pakistan, Mali, Senegal na Mexico. Watu waliovutwa na njia hiyo hawakuwa na haja ya kusubiri utaalamu kutoka nchi tajiri. Waliwaona wenzao wenye madarasa yaliyofurika kama yao, wakaenda kuuliza mlifanyaje.

Ili mkione mlicho nacho, kaeni na watumishi wa fildi bila mkurugenzi kuwemo chumbani. Waulizeni ni jambo gani wanalifanya kila siku ambalo halimo kwenye andiko la mradi. Hapo ndipo hutoka mambo kama: hatuanzi kikao mpaka mzee fulani amefika, orodha huisomi kwa majina, unaisoma kwa namba, mikopo haitolewi wiki ya kufungua shule. Andikeni hayo. Mshirika anayejua kazi atayataka hayo kabla ya mpango mkakati wenu.

Kwa nini kubadilishana ripoti na miongozo hakutoshi?

Kwa sababu ripoti hueleza kilichofanyika, na karibu kamwe haielezi kilichojaribiwa kikaachwa. Na kilichoachwa ndicho chenye somo.

Sijui mfano bora kuliko ule wa maji ya chumvi na sukari nchini Bangladesh. Katika miaka ya 1960 watafiti wa maabara ya kipindupindu mjini Dhaka, iliyokuwa kazi ya pamoja ya nchi kadhaa, walithibitisha kwamba mgonjwa wa kuharisha anaweza kurudishiwa maji mwilini kwa kunywa mchanganyiko wa sukari na chumvi. Ujuzi ulikuwepo, umechapishwa. Ila ulikuwa hospitalini, na watoto walikuwa wakifia nyumbani.

Shirika la BRAC lilichukua jukumu la kuufikisha. Kati ya 1980 na 1990 wafanyakazi wake, wengi wao wanawake, walipita nyumba kwa nyumba na kumfundisha mama mmoja mmoja: chumvi ya kubana kwa ncha za vidole 3, konzi ya sukari guru, na takriban nusu lita ya maji. Walifikia zaidi ya kaya milioni 12. Kilichonivutia mimi ni jinsi shirika lilivyojifunza likiwa njiani. Mwanzoni mama alipaswa kukumbuka mambo 10. Ikaonekana ni mengi, yakapunguzwa hadi 7. Malipo ya mkufunzi yalifungwa kwenye kile mama alichokumbuka, kwa hiyo mkaguzi alirudi baadaye kwa baadhi ya kina mama, akawauliza, na kuwaomba wachanganye dawa mbele yake.

Kisha ikagundulika jambo la kukatisha tamaa: kina mama walikumbuka vizuri, ila wengi hawakuitumia mtoto alipougua. Shirika lingeweza kuandika kwamba mafunzo yamefaulu kwa asilimia fulani na kuendelea. Badala yake waliuliza sababu. Wakakuta kwamba wakufunzi wenyewe, wakiharisha, hawakuwa wakiinywa, kwa sababu hawakuwa wameelewa inavyofanya kazi mwilini. Wakakuta pia kwamba wanaume wa kijiji walikuwa wameachwa nje ya habari yote. Wakufunzi wakarudishwa kufundishwa, na mikutano ya wanaume ikaanza kufanyika misikitini na masokoni.

Mwongozo wa kurasa 30 unaoeleza jinsi ya kuchanganya chumvi na sukari usingewaambia hayo. Ungetakiwa kukaa na mtu aliyekuwepo, akuambie: sisi tulidhani hivi, kumbe.

Ziara ya mafunzo ina faida kweli, au ni matembezi?

Zote mbili zipo. Nimeshuhudia ziara ambazo ratiba yake ilikuwa hotuba ya kukaribisha, chakula, kuzungushwa kwenye jengo, picha ya pamoja na zawadi. Mgeni akirudi nyumbani anaandika kwamba amejifunza umuhimu wa ushirikishwaji wa jamii, jambo alilolijua kabla ya kupanda ndege.

Ziara moja niliyoisimamia ilielekea huko huko, mpaka mhasibu wetu alipobaki nyuma. Wakati wengine wanaoneshwa ukumbi mpya, yeye alikaa kwenye benchi na karani wa stoo ya wenyeji, wakafungua leja. Kila mstari ulikuwa na tarehe, idadi ya mifuko, jina la aliyepokea, na safu ya mwisho iliyoandikwa “shahidi”. Kwenye safu hiyo kulikuwa na sahihi, au dole gumba, la mtu ambaye hakuwa mfanyakazi wala mpokeaji. Mhasibu akauliza ni nani. Karani akamjibu kwamba ni yeyote aliyekuwa akipita stoo inapofunguliwa, na kwamba walianza hivyo baada ya ugomvi uliokaribia kulifunga shirika. Katika siku 5 za ziara ile, safu hiyo ndiyo iliyosalia. Tuliirudisha nyumbani na kuiweka kwenye fomu zetu wiki ile ile.

Tangu hapo napanga ziara kinyume. Kila mgeni anapewa mwenyeji anayefanya kazi kama yake, anakaa naye akiwa kazini, na ukumbi haumo kwenye ratiba. Mikutano ya viongozi inabaki ya siku ya mwisho. Mtandao wa wakazi wa makazi duni unaoitwa SDI, ulioanzishwa rasmi mwaka 1996, ulijengwa juu ya msingi huo: wanawake wa vikundi vya akiba kutoka Mumbai walitembeleana na wakazi wa vibanda Afrika Kusini, wakafundishana kuweka akiba ya kila siku na kuhesabu nyumba zao wenyewe ili waende kwa halmashauri wakiwa na takwimu mkononi. Aliyehesabu nyumba yake ndiye aliyemfundisha mwenzake kuhesabu.

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na katika ziara hili hutokea kweli kama mkiliachia nafasi. Siku ya mwisho wageni waambiwe waseme walichokishangaa. Wenyeji huwa hawajui ni nini katika kazi yao kinashangaza.

Nani apelekwe?

Anayefanya kazi hiyo kwa mikono yake. Najua ugumu wake: hana pasipoti, hajui lugha ya huko, na mkurugenzi amealikwa kwa jina. Basi waende wawili. Mkurugenzi peke yake akirudi na wazo, linakuwa agizo kwa watu ambao hawakuona chochote.

Tukiona njia nzuri kwa wenzetu, tuige ilivyo au tuibadilishe?

Kabla ya kujibu, tafuteni ni kipi ndani ya njia hiyo kinachobeba uzito. Vikundi vya akiba vilipotoka Niger kwenda kwingine, mambo mengi yalibadilika. Mahali ambapo wanachama wanasoma, kumbukumbu ya kichwani ilisaidiwa na kitabu kidogo kinachopigwa muhuri kwa kila hisa. Michango iliyokuwa sawa kwa wote ikawa hisa, 1 hadi 5 kwa kikao, ili mwenye nacho na asiye nacho wakae kikundi kimoja. Kisanduku chenye kufuli 3, funguo zikishikwa na wanachama 3 tofauti, kikawa alama ya vikundi vyenyewe.

Kilichobaki ni kwamba pesa ni za wanachama wenyewe, hazihesabiwi kamwe chumbani na watu wawili, na siku ya mgao kila mtu anaondoka na chake. Walioingiza fedha ya nje mapema mno kwenye vikundi vichanga walivuruga kitu chenyewe, kwa sababu mwanachama humlipa jirani yake kwa bidii ambayo hana kwa mfadhili.

Kwa hiyo waulizeni waanzilishi swali hili moja kwa moja: ni kitu gani mlikiacha mahali fulani kazi ikafa? Wengi hawajawahi kuulizwa. Wakijibu, mna mpaka wa kufanyia marekebisho yenu. Kisha jaribuni padogo, kijiji kimoja au darasa moja, kwa muda wa kutosha kuona msimu ukigeuka, na mwandikieni mwenzenu mmebadilisha nini na kwa nini. Hapo na yeye anajifunza.

Yapo mambo yasiyofaa kuchezewa. Viwango vya Sphere, vilivyoanza kuandaliwa mwaka 1997 na mashirika ya misaada ya dharura, vinataja angalau lita 15 za maji kwa mtu mmoja kwa siku. Jinsi ya kuyafikisha ni yenu kuamua. Kiasi kikishuka chini ya hapo, mnapaswa kusema wazi na kueleza sababu.

Vikao vyote vinaendeshwa kwa Kiingereza. Watu wetu wananyamaza. Tufanye nini?

Mimi naliona hili kama kasoro ya ushirikiano, si ya watu wenu. Niliwahi kukaa kwenye kikao cha mtandaoni kilichojadili kwa nini kina mama hawawaleti watoto kupimwa uzito. Watu wa nchi 4 walikuwa wakizungumza. Pembeni yangu alikaa mtumishi wa fildi mwenye zaidi ya miaka 15 kazini, hakufungua kinywa saa nzima. Kikao kilipokwisha nikamwuliza kwa Kiswahili ameonaje. Akaniambia kwamba kina mama hawapendi mtoto aning’inizwe kwenye mizani inayofanana na ya magunia, mtoto analia, watu wanatazama. Yeye humpima mama akiwa amembeba mwanawe, kisha humpima mama peke yake, anatoa. Jibu la swali lililowakusanya watu wote wale lilikuwa kwenye kiti cha pembeni, na lilikosa lugha tu.

Kwa hiyo wekeni mkalimani kwenye bajeti kama mnavyoweka usafiri. Tumeni ajenda na maswali siku kadhaa mapema, kwa lugha ya wanaotakiwa kujibu. Acheni watu wajadiliane kwanza kwa lugha yao kisha mmoja awasilishe. Sauti iliyorekodiwa kwenye simu na kutafsiriwa baadaye ina thamani kuliko sentensi 2 za Kiingereza cha kubabaisha. Na pale inapowezekana, mgeni naye ajifunze. Afisa wa nje anayejua kusalimu, kushukuru na kuuliza “kwa nini?” kwa lugha ya wenyeji huambiwa mambo ambayo mwenzake hayasikii.

Tahadhari moja kuhusu tafsiri za mashine: zimekuwa nzuri kiasi cha kudanganya. Barua ya kawaida itapita. Maswali ya dodoso, maelekezo ya dawa na fomu ya ridhaa lazima visomwe na mtu anayeijua lugha na kazi yenyewe.

Mradi umeshindwa. Tumwambie mshirika ukweli?

Ndiyo, na mapema. Ila sitajifanya kwamba ni rahisi. Shirika linaloishi kwa ruzuku ya miezi 12 lina mishahara ya watu mkononi, na kuandika “hatukufanikiwa” kunaweza kuonekana ni kujikatia tawi. Mfadhili anayedai uwazi huku akipunguza fedha kwa kila kasoro inayotajwa anawafundisha watu kunyamaza, na atapata anachokifundisha.

Inawezekana kufanya vingine. Wahandisi Wasio na Mipaka wa Kanada walianza mwaka 2008 kuchapisha kila mwaka ripoti ya makosa yao, yakiandikwa na watumishi waliohusika. Shirika kubwa lina ngozi nene ya kufanya hivyo, ndiyo maana naamini mwenye nguvu ndiye anayepaswa kuanza. Kama ninyi ni upande wenye fedha, fungueni kikao kwa kosa lenu wenyewe, lenye tarehe na gharama yake. Mtaona chumba kinavyolegea.

Kwa asasi ndogo, omba kipengele kwenye mkataba kinachosema kwamba taarifa za mafunzo zinatenganishwa na taarifa za utekelezaji, na kwamba zinasomwa na watu tofauti. Kazi ikikwama, kaeni siku chache baada ya tukio na maswali manne yanayotumiwa katika tathmini ya baada ya kazi, njia iliyotoka jeshi la Marekani katika miaka ya 1970: tulitarajia nini, kilitokea nini, tofauti imetokana na nini, safari ijayo tutafanyaje. Jina la mtu lisitajwe kwenye jibu la tatu mpaka utaratibu wenyewe uwe umechunguzwa.

Hati ya makubaliano iseme nini kuhusu maarifa?

Iseme nani ni mmiliki wa kitakachoandikwa, nani ataandikwa kama mwandishi, na kila upande unaruhusiwa kufanya nini nacho baada ya mkataba kuisha. Asasi nyingi husoma ukurasa wa bajeti mara 3 na kuruka ukurasa huu. Matokeo yake nimeyaona: shirika linaomba ruhusa kuchapisha upya mwongozo ambao watumishi wake ndio waliouandika.

Njia nyepesi ni leseni huria za Creative Commons, zilizotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2002. Ile ya CC BY inamruhusu yeyote kunakili, kutafsiri na kubadilisha mradi amtaje mwenye kazi. Ikiongezwa SA, atakayeibadilisha lazima atoe toleo lake kwa masharti hayo hayo. Ikiongezwa NC, matumizi ya kibiashara hayaruhusiwi. Jihadharini na ND: inakataza kusambaza kazi iliyobadilishwa, na tafsiri huhesabiwa kuwa mabadiliko. Nimekutana na mwongozo wa afya uliotolewa bure kwa moyo safi chini ya ND, na kwa hiyo hakuna aliyeweza kuusambaza kihalali kwa lugha ya watu uliowalenga. African Storybook na StoryWeaver, majukwaa yanayotoa hadithi za watoto, yalichagua CC BY kwa hadithi zao nyingi, na ndiyo sababu hadithi iliyoandikwa kwa lugha moja inaweza kutafsiriwa na mwalimu wa nchi nyingine bila kuomba ruhusa.

Na picha na taarifa za watu tunaowahudumia?

Hizo si zenu za kugawa. Mtu aliyekubali kupigwa picha na jirani yake hajakubali kuwekwa kwenye bango la mji asioujua. Ombeni ridhaa kwa lugha yake, mwelezeni picha itaonekana wapi, na mpeni njia ya kujitoa. Kama mshirika wenu ana makao Ulaya, sheria ya Umoja wa Ulaya ya ulinzi wa data, iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018, inambana hata kwa taarifa za watu walioko nje ya Ulaya. Tumeni takwimu zilizoondolewa majina. Orodha yenye majina, simu na hali za afya isisafiri kwa barua pepe hata siku moja.

Mshirika mkubwa anachukua sifa zote. Ni lazima tuvumilie?

Hapana. Lakini ongeeni nalo mwanzoni, kabla halijawa donda. Ombeni majina ya watumishi wenu yawe kwenye jalada la ripoti, na mmoja wenu awe jukwaani matokeo yanapotolewa. Hizi ni gharama ndogo kwa mkubwa.

Kuna pia upande wa fedha, na hapa dunia imeahidi zaidi ya ilivyotenda. Mwaka 2016, kwenye mkutano mkuu wa misaada ya kibinadamu mjini Istanbul, wafadhili na mashirika makubwa walikubaliana, katika mapatano yaitwayo Grand Bargain, kwamba kufikia 2020 angalau asilimia 25 ya fedha za misaada ya kibinadamu ifike kwa watendaji wa nchini kwa njia ya moja kwa moja kadiri iwezekanavyo. Lengo hilo halikufikiwa. Linahusika na kujifunza kwa sababu anayepewa fedha kwa awamu ndogo ndogo, kwa shughuli zilizopangwa na mwingine, hana nafasi ya kujaribu jambo alilolibuni. Mnapojadiliana, ombeni hata fungu dogo lisilofungwa kwenye shughuli maalumu. Hilo ndilo la kujaribia.

Nani alipie muda wa kujifunza?

Wekeni kwenye bajeti kwa jina lake: siku za watumishi, tafsiri, ziara, uandishi. Kitu kisicho na mstari kwenye bajeti hufanywa Jumamosi na wale wale waliochoka. Posho isiwe kivutio, wala isiwe adhabu. Mtumishi asitoe nauli mfukoni ili akamfundishe mwingine.

Mtumishi aliyejifunza akiacha kazi?

Ataacha, na huenda akaajiriwa na mshirika wenu mwenyewe. Msijaribu kumfunga kwa mkataba wa miaka. Mfanyeni afundishe: ndani ya mwezi mmoja tangu arudi, awe ameshaifanya kazi aliyojifunza pamoja na wenzake 2, wakiwa kazini, si kwa kusoma slaidi. Akiondoka, mhojini kwa saa moja na kumrekodi. Mwulizeni nani wa kumpigia simu jambo gani likiharibika. Orodha hiyo ya watu ndiyo huanza kupotea.

Kundi la WhatsApp linatosha?

Kwa swali la haraka, ndiyo. Kwa kumbukumbu, hapana: jibu zuri la jana limezikwa chini ya salamu za leo. Mtu mmoja apewe kazi ya kuyatoa majibu mazuri kila wiki na kuyaweka kwenye faili moja ambalo kila mtu anajua liliko.

Tutajuaje kwamba tumejifunza kweli?

Msihesabu warsha wala idadi ya waliohudhuria. Ulizeni kila upande, kila baada ya miezi 6, umebadilisha nini katika utendaji wako kwa sababu ya mwenzako, na uoneshe. Fomu iliyobadilika, ratiba iliyosogezwa, kipengele kilichofutwa. Upande mmoja ukiwa na orodha ndefu na mwingine hauna kitu, basi mna mafunzo ya njia moja, na inafaa kulisema hilo mezani. Mara nyingi orodha tupu huwa ya mshirika mwenye fedha.

Ipo pia njia ya mabadiliko yenye maana zaidi, aliyoibuni Rick Davies akiwa na shirika moja nchini Bangladesh katika miaka ya 1990. Watu husimulia badiliko wanaloliona kubwa kuliko yote, kisha kikundi huchagua simulizi moja na kueleza kwa nini imechaguliwa. Ule mjadala wa kuchagua ndio wenye faida. Utasikia mfadhili akichagua simulizi ya mapato na wanakijiji wakichagua ya mwanamke aliyesimama kuongea mkutanoni, na hapo mtajua kwamba mlikuwa mnapima vitu viwili.

Hatuna mshirika yeyote. Tuanzie wapi?

Tafuteni asasi inayohangaika na tatizo kama lenu, yenye ukubwa kama wenu, katika nchi yenye hali kama yenu. Msikimbilie jina kubwa. Barua yenu itasomwa na mtu wa mapokezi. Tazameni mitandao ya fani yenu, ripoti za tathmini zilizowekwa wazi, na shukrani zilizoandikwa mwishoni mwa ripoti hizo, kwani huko ndiko hutajwa mashirika madogo yaliyofanya kazi yenyewe.

Barua ya kwanza iwe ya ukurasa mmoja. Elezeni mnafanya nini, mmekwama wapi hasa, mngependa kuona nini kwao, na mnaweza kuwaonesha nini. Msitaje fedha. Iandikwe na mtumishi anayeifanya kazi hiyo kwa lugha anayoimudu, itafsiriwe ikibidi, na jibu likija limfikie yeye.